Rubani aliyewafunza wenzake kuanguka ili wasife

Hebu jiweke kwenye kiti cha ndege ndogo ya mafunzo. Uko futi elfu kadhaa kutoka ardhini, na kando yako ameketi mkufunzi. Anakuambia uinamishe kichwa, ufumbe macho na uondoe mikono kwenye usukani. Kisha anaichukua ndege yeye mwenyewe. Anaipandisha, anaishusha, anailaza kushoto, anailaza kulia, mara polepole mara ghafla, hadi masikio yako yashindwe kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Halafu anakuambia ufungue macho na uitoe ndege hapo ilipo.

Unafungua. Pua inatazama chini, bawa moja limelala, mshale wa kasi unapanda na ule wa kimo unashuka mbio. Mikono yako inataka kitu kimoja tu: kuvuta usukani kwa nguvu zote ili ndege ipande. Ukifanya hivyo umejiponza. Ndege iliyolala ubavu ukiivuta huzidi kujikunja kwenye mduara, kasi inaongezeka, na mabawa yanaweza kuelemewa. Dawa yake ni nyingine. Punguza nguvu ya injini. Nyoosha mabawa kwanza. Hapo sasa ndipo uinue pua, tena taratibu. Na kama mkufunzi amekuachia pua ikiwa juu na kasi inakufa, basi shusha pua, ongeza nguvu, nyoosha mabawa.

Kila mwanagenzi wa urubani hupitia somo hili kabla ya kupewa leseni. Linaonekana la kawaida kabisa leo. Lakini nikikuambia kuna wakati ambapo wanafunzi walifundishwa kukwepa tu mambo kama haya, wakaenda vitani bila kuyaonja hata mara moja, utaniamini? Vijana wa umri wako na wangu walikufa kwa wingi kwa sababu hiyo. Na aliyegeuza mambo alikuwa mtu mmoja mwenye mguu mbovu, mdomo mkali na chuki kubwa ya makaratasi ya ofisini. Jina lake Robert Smith-Barry.

Tuanze mwanzo. Smith-Barry alizaliwa mwaka wa 1886 katika familia tajiri yenye asili ya Ireland. Alisoma Eton, ile shule ya watoto wa wakubwa wa Uingereza. Kwa hivyo usidhani nakusimulia hadithi ya mtoto wa kibandani aliyepambana na umaskini. Pesa ilikuwako. Angeweza kuishi maisha yake yote akila vya urithi na hakuna ambaye angemuuliza. Ila mwaka wa 1911 alikwenda Larkhill, karibu na Salisbury, akajifunza kurusha ndege.

Kumbuka hiyo ni miaka minane tu baada ya ndugu wawili wa familia ya Wright kuruka kwa mara ya kwanza kule Marekani. Ndege za wakati huo zilikuwa mbao, nyaya na kitambaa. Kuzirusha kulikuwa kama kubahatisha. Mwaka wa 1912 jeshi la Uingereza lilipoanzisha kikosi chake cha anga, Royal Flying Corps, na kufungua chuo cha urubani huko Upavon, Smith-Barry alikuwa miongoni mwa maafisa wa darasa la kwanza kabisa.

Agosti 1914 vita vikazuka. Vikosi vya ndege vikavuka bahari kuelekea Ufaransa, naye akiwemo katika kikosi nambari 5. Siku chache tu baadaye, tarehe 18 Agosti, kabla hata hajaonana na adui, ndege yake ilianguka karibu na mji wa Péronne. Fundi aliyekuwa naye ndani alifariki. Yeye alivunjika miguu yote miwili.

Akalazwa hospitalini Péronne. Shida ni kwamba jeshi la Ujerumani lilikuwa linakuja upande huo huo. Angebaki kitandani angetekwa. Akaondoka na miguu yake iliyovunjika kabla Wajerumani hawajafika. Alipona, lakini hakutembea sawasawa tena. Alichechemea maisha yake yote.

Mtu mwingine angechukua hiyo kuwa ishara, akatafuta meza ya kukalia. Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alirudi angani. Na nadhani, hii ni maoni yangu tu, kwamba mtu aliyeanguka akanusurika huku mwenzake akifa hawezi tena kusikiliza maneno matupu kuhusu usalama. Anataka kujua kilichotokea, na kama kulikuwa na njia ya kutoka.

Mwaka wa 1916 alirudi Ufaransa na kikosi nambari 60. Hapo ndipo moyo wake ulipochemka. Vita vya Somme vilianza tarehe 1 Julai mwaka huo. Siku mbili baadaye kamanda wa kikosi, Meja Waldron, akauawa, na Smith-Barry akapewa kikosi akiongoze. Walikuwa wakirusha ndege za Kifaransa za Morane, ndege ngumu ambazo hazikumsamehe rubani anayekosea. Kikosi kilipoteza watu wengi kiasi kwamba ilibidi kiondolewe mstari wa mbele kwa muda kipumzike na kujazwa upya.

Na kilijazwa na nani? Vijana wa miaka 18, 19, 20. Walifika wakiwa na saa chache mno za kuruka, wengine hata kumi hazijafika. Walijua kupaa, kuzunguka uwanja kwa kona pana na kutua kukiwa hakuna upepo. Basi. Kamanda ndiye aliyetakiwa kusema huyu aende, yule abaki. Fikiria kazi hiyo. Unamtazama kijana aliyefika jana, unajua hawezi kukunja kona kali bila kuanguka mwenyewe, na unatakiwa kumtuma mahali ambapo wapo watu wanaompiga risasi. Smith-Barry alikuwa mkaidi juu ya jambo hilo. Aliwaambia wakubwa wake waziwazi kwamba kuwatuma vijana hao ilikuwa ni kuwaua.

Katika kikosi hicho hicho alikuwako Albert Ball, kijana mdogo ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa marubani mashuhuri kabisa wa Uingereza. Smith-Barry alimwacha awinde peke yake anavyotaka. Ball alikuwa ameijua ndege hadi ikawa kama mkono wake. Tofauti kati ya Ball na wale wageni haikuwa ya ujasiri, maana wote walikuwa nao. Wageni hawakuwa wamefundishwa, ndio hivyo.

Sasa twende kwenye mafunzo yenyewe, uone yalivyokuwa. Mwalimu mara nyingi alikuwa rubani aliyechoka na vita, ametumwa nyumbani kupumzika. Hakutaka kufundisha. Aliwaogopa wanafunzi wake kuliko alivyomwogopa adui, na walimu wengi waliwaita wanafunzi kwa jina lile lile la dharau walilowaitia Wajerumani. Ndege ya kufundishia ilikuwa Farman kubwa ya polepole, injini nyuma, isiyofanana hata kidogo na ndege za vitani. Katika baadhi ya ndege mwanafunzi hakuwa na usukani wake. Alinyoosha mkono kupitia begani kwa mwalimu akashika usukani huo huo, kama mtoto anayemshikia baba usukani wa gari kijijini. Kuongea kulikuwa ni kupiga kelele juu ya mngurumo wa injini au kumgusa mwenzako bega.

Upepo ukivuma, masomo yamesimama. Waliruka alfajiri na jioni hewa ikiwa imetulia. Kona kali, hapana. Kuilaza ndege sana, hapana. Na juu ya yote, kulikuwa na kitu ambacho kila mtu alikiogopa kama shetani: ndege kuanguka kama pia.

Nikueleze hii kidogo, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa hupita juu yake vizuri. Ukiinua pua kupita kiasi, hewa huachana na bawa, na bawa huishiwa na nguvu ya kubeba. Likiwa bawa moja limeishiwa zaidi ya jingine, ndege hudondoka upande huo huku ikijizungusha, chini, chini, chini, kama pia uliyoirusha utotoni. Unaona ardhi inazunguka mbele ya kioo. Kila kitu mwilini mwako kinakuambia vuta usukani nyuma uinue pua. Na kuvuta ndiko kunakozidi kulinyima bawa hewa. Kwa maneno mengine, mtu alijiua kwa kufanya kile ambacho akili ya kawaida ilimwambia kingemwokoa.

Njia ya kutoka ilikuwako. Agosti 1912, hapo hapo Larkhill, afisa mmoja kwa jina Wilfred Parke alianguka hivyo mbele ya watu akiwa ndani ya ndege aina ya Avro. Alijaribu kila kitu bila mafanikio. Mwishowe akakanyaga pedali ya mkia upande ulio kinyume na ndege inavyozunguka, na ndege ikaacha kuzunguka karibu sana na ardhi. Akatua salama. Watu wakaandika, wakajadili. Kufikia katikati ya vita marubani hodari walikuwa wanaijua dawa: punguza injini, kanyaga pedali ya upande wa kinyume hadi mwisho, sukuma usukani mbele, mzunguko ukikoma toka taratibu. Wengine hata waliitumia kumtoroka adui.

Ila mwanafunzi? Mwanafunzi hakuonyeshwa. Shule ilimwambia tu akae mbali na hali hiyo. Kumbe hali yenyewe haikuwa na mpango wa kukaa mbali naye.

Mwishoni mwa 1916 Smith-Barry akakaa chini, akaandika. Alimwandikia Jenerali Hugh Trenchard, mkuu wa kikosi cha anga kule Ufaransa, si mara moja. Alisema mafunzo ya nyumbani ni mabovu, akaeleza kwa nini, na akapendekeza la kufanya. Unajua kuna watu wa kulalamika na kuna watu wa kulalamika huku wakiwa na kitu mkononi. Trenchard, ambaye hakuwa mtu wa kubembelezwa, akamchukulia kwa neno lake. Kama unajua sana kufundisha, nenda basi ukafundishe. Desemba 1916 Smith-Barry akarudishwa Uingereza na kupewa kikosi cha mafunzo huko Gosport, mji ulio ng'ambo ya bandari ya Portsmouth. Hapo alijaribu aliyoyasema.

Kwanza, kiti. Tangu somo la kwanza mwanafunzi aliketi kwenye kiti cha rubani. Mwalimu alihamia kiti kile kingine. Ndege ilikuwa na usukani kamili mara mbili, kila mmoja na wake, kwa hivyo mwanafunzi aliirusha kweli, na mwalimu aliweza kuichukua muda wowote.

Pili, ndege yenyewe. Aliachana na mikokoteni ya Farman akachagua Avro 504. Hii ilikuwa ndege nyepesi, inayosikia mkono upesi. Ukikosea inakuonyesha umekosea, lakini inakupa nafasi ya kurekebisha. Avro 504 ilikuja kuundwa kwa wingi, zaidi ya 8,000 wakati wa vita vile, na jeshi la anga la Uingereza liliendelea kufundishia ndege za ukoo huo hadi miaka ya 1930.

Tatu, mazungumzo. Kikatumika kibomba cha kuongelea, mpira unaotoka mdomoni mwa mwalimu hadi kwenye masikio ya mwanafunzi ndani ya kofia yake. Hakuna stima, hakuna betri, ni bomba tu. Kwa mara ya kwanza mwalimu aliweza kueleza kosa wakati lile lile linapotokea, wala si nusu saa baadaye uwanjani wakati mwanafunzi ameshasahau. Kibomba hicho kilichukua jina la mji, na Wamarekani walikuwa bado wanakiita gosport hata katika Vita vya Pili vya Dunia.

Nne, na hili ndilo lililowashtua watu, alifuta orodha ya makatazo. Mwanafunzi angepelekwa kwa makusudi kwenye kila kitu alichokuwa akikatazwa. Kona kali. Kutua huku upepo ukipiga ubavuni. Injini kuzimwa ghafla atafute shamba la kutua. Kuanguka kama pia. Mwalimu angeiingiza ndege humo, aitoe huku akieleza. Kisha mwanafunzi aingize na kutoa mwalimu akiwepo. Halafu mwanafunzi apande peke yake akarudie. Hiyo hatua ya mwisho Smith-Barry hakuilegeza. Aliamini kuonyeshwa hakutoshi, na kufanya mbele ya mwalimu hakutoshi. Uliyoyafanya ukiwa peke yako, hayo ndiyo unayoyajua.

Sasa mchukulie kijana mmoja wa wakati huo, wala sihitaji kumpa jina. Amepanda juu ya Gosport, bahari upande mmoja, mwalimu anaongea masikioni. Wamefika juu vya kutosha. Anaambiwa avute pua, aendelee kuvuta, apunguze injini. Ndege inatetemeka. Anakanyaga pedali. Bawa linadondoka na dunia nzima inaanza kuzunguka mbele ya macho yake. Mara ya kwanza hakumbuki hata moja. Mara ya pili anasikia sauti ya mwalimu. Mara ya tatu anahesabu mizunguko. Mara ya tano amechoshwa nayo. Na mtu aliyechoshwa na kitu hakiogopi tena.

Huenda unauliza, si huku ni kuwapeleka watoto wa watu kifoni? Swali zuri. Angalia lakini hatari ilivyopangwa. Ilifanywa juu sana, ambapo kuna nafasi ya kukosea mara mbili. Ilifanywa mwalimu akiwa na usukani wake. Ilifanywa hatua kwa hatua. Kijana wa shule ya zamani naye angekutana na hatari hiyo hiyo, ila chini karibu na ardhi, peke yake, siku asiyoitarajia, bila kujua jina lake.

Tena kulikuwa na sababu ya haraka. Kati ya 1917 zikaja ndege kama Sopwith Camel. Injini yake yenyewe ilizunguka pamoja na rafadha, uzito wote ule mbele. Ukikata kona kulia, pua inashuka. Ukikata kushoto, inapanda. Rubani mzoefu aliigeuza tabia hiyo kuwa silaha, maana ilikata kona kulia kama umeme. Mgeni aliyezoea Farman alikuwa anaanguka nayo dakika chache baada ya kupaa. Huwezi kumfundisha mtu ndege kama hiyo kwa kumwambia asikate kona.

Tano, walimu. Smith-Barry hakutaka mwalimu aliyechoka. Alitaka watu wanaopenda kuruka, na aliwaruhusu waruke wanavyotaka, chini, juu, kichwa chini miguu juu, ili mikono yao isife ganzi. Alisema kwa vitendo kwamba mwalimu anayeogopa atamwambukiza mwanafunzi woga wake. Na mwanafunzi akikosea, swali lilikuwa nini mwalimu hakumweleza.

Matokeo yalionekana mapema mno. Agosti 1917 pale Gosport pakawa shule rasmi ya urukaji maalumu, na kazi yake kubwa ikawa kuwafundisha walimu wenyewe. Hapo ndipo ilipokuwa akili. Ukimfundisha rubani mmoja umepata rubani mmoja. Ukimfundisha mwalimu, huwezi kuhesabu. Walimu wakatoka Gosport wakasambaa shule za Uingereza nzima, na mwaka wa 1918 mfumo ukavuka bahari hadi Kanada, kwenye uwanja wa Armour Heights huko Toronto. Mwaka wa 1921 ujumbe wa Waingereza ukaenda kuwafundisha marubani wa jeshi la majini la Japani, na ndege walizobeba zilikuwemo Avro 504. Unajua yaliyofuata miaka 20 baadaye. Elimu haina pasipoti.

Hata kwetu harufu yake ilifika. Tom Campbell Black, Mwingereza aliyekuwa rubani katika vita vile vya kwanza, alikuja Kenya akawa rubani wa Wilson Airways, kampuni ya Florence Kerr Wilson ambaye uwanja wetu wa Wilson unaitwa kwa jina lake. Huyo ndiye aliyemfundisha Beryl Markham kuruka, katika ndege ndogo ya viti viwili. Mwaka wa 1936 Beryl akavuka bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza akielekea magharibi, hadi injini ilipomzimia pwani ya Kanada. Akatua kwenye kinamasi, pua ya ndege ikazama matopeni, yeye akatoka hai. Kizazi hicho chote cha marubani kilikuwa kimelelewa na wazo la Gosport: injini itazimika siku moja, kwa hivyo izime leo tuone utafanyaje.

Nisikudanganye lakini. Smith-Barry hakukomesha vifo. Wanafunzi waliendelea kufa mazoezini hadi mwisho wa vita, na waliohitimu vizuri walikwenda mbele wakafa huko, au wakaua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi waliyotayarishiwa. Hakuwa malaika wala hakuwa mpigania amani. Alichokataa ni kijana kufa kwa jambo ambalo angeweza kufundishwa kwa wiki moja.

Pia kuna kitu ambacho mfumo wake haukukifikia. Gosport ilimfundisha mtu kutumia macho: unaona ardhi, unaona upeo, unajua umelalaje. Ndani ya mawingu hakuna ardhi wala upeo, na sikio la ndani linadanganya. Ndege inaweza kuwa imelala kabisa na wewe ukajihisi umekaa wima kama uko kwenye kochi la nyumbani. Hilo lilingoja wengine. Mwaka wa 1929 Mmarekani Jimmy Doolittle alipaa, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, akitazama vipimo tu. Baada ya hapo somo la Gosport likaunganishwa na vipimo. Mwanagenzi anafunikwa asione nje, anachanganywa, kisha anaambiwa atoke kwa kusoma mishale iliyo mbele yake. Hilo ndilo somo nililokuanzia nalo. Mzizi wake ni ule ule: ingia humo na mtu anayejua njia, hadi na wewe uijue.

Niseme langu moja kisha niendelee. Mimi chuo niliacha njiani. Nilianguka karatasi moja, kisha mbili, na kila nikivuta ndivyo nilivyozidi kuzama, kwa sababu nilichojua ni kukesha zaidi na kunyamaza zaidi. Miaka yote ya shule nilikuwa nimefundishwa namna ya kutoanguka. Hakuna siku hata moja niliyofundishwa cha kufanya ukishaanguka: mwende nani, punguza nini kwanza, nyoosha nini, ndipo uinue kichwa. Simlaumu mtu. Ila niliposoma habari za huyu mzee wa Gosport, ilibidi niweke simu chini kidogo.

Yeye mwenyewe aliishia wapi? Vita vilipokwisha aliacha jeshi. Hakuwa mtu wa maofisi na saluti, wenzake walimkumbuka kwa vituko vyake na jinsi alivyokuwa akizidharau kanuni alizoona hazina maana. Vita vya Pili vilipozuka alikuwa amepita miaka 50, ana miguu ile ile mibovu. Akarudi kuhudumu, safari hii kwa cheo cha chini kuliko alichokuwa nacho zamani, katika jeshi la anga ambalo kila rubani wake alikuwa amefundishwa kwa njia yake, wengi bila kulijua jina lake. Trenchard, yule jenerali aliyeandikiwa barua, hakusita kumpa sifa hiyo. Smith-Barry alifariki mwaka wa 1949.

Kwa hivyo siku ukiwa Kitengela au Athi River, uone ndege ndogo juu peke yake inafanya mambo ya ajabu, usikimbilie kuchukua video ya kuweka mtandaoni eti rubani amelewa. Itazame. Pua itapanda, ipande tena, hadi ionekane kama inataka kusimama. Itatetemeka, bawa litadondoka. Halafu itashuka kidogo, itajinyoosha na kuendelea na safari. Huenda ndani yake kuna kijana wa umri wako, mikono inatoka jasho, na kando yake kuna mtu aliyekunja mikono yake kifuani akamwachia usukani.